Shajara ya mapigo 134: najenga msingi wa mbio Kigoma, Juni mpaka Oktoba

Jumapili 1 Juni

Naanza kuandika leo kwa sababu nimechoka kuumia. Kila mwaka hivohivo, nakimbia wiki sita saba kwa fujo, ugoko unaanza kuuma au kano ya kisigino, nakaa miezi miwili, kitambi kinarudi, naanza upya kama sijawahi kukimbia maishani. Nna miaka 41, kilo 84, fundi simu hapa Mwanga, nakaa kwenye stuli saa mbili asubuhi mpaka saa mbili usiku. Kikundi chetu cha jogingi cha Jumapili hakijui polepole ni kitu gani, watu wanatoka kama wanafukuza gari la mwisho, na mimi nlishaharibika tangu shuleni, kwenye UMISSETA, ile michezo ya sekondari, mwalimu alikuwa anatwambia toka mbele, baki mbele, kama Filbert Bayi. Ni kweli Bayi alitoka mbele pale Christchurch 1974 akaondoka na rekodi ya dunia ya mita 1500, 3:32.16, ila mwalimu hakuwahi kutwambia Bayi alikuwa ameshakula kilomita ngapi kabla ya siku ile.

Mpango ni wiki 20 za msingi tu. Hakuna spidi, hakuna kushindana Jumapili, nafuata mapigo ya moyo basi. Hesabu natumia ile ya kocha Mmarekani Phil Maffetone, 180 toa umri wako, hayo mapigo kwa dakika ndo dari, hupiti. Kwangu 139. Afu kuna marekebisho: kama unaumia umia, au mafua yanakushika zaidi ya mara mbili kwa mwaka, au mazoezi yako ni ya leo ndio kesho hapana, toa 5 nyingine. Mi nna zote tatu. Kwa hiyo 134. Aliyeumwa sana au yuko kwenye dawa za kila siku anatoa 10, na aliyekimbia zaidi ya miaka miwili bila tatizo na bado anapanda anaongeza 5. Hiyo ya kuongeza sio yangu mimi.

Aliyenishawishi ni Mark Allen, yule wa triathloni, kuogelea, baiskeli na mbio kwa mpigo. Alishindwa mashindano ya Ironman kule Hawaii miaka na miaka, alikuwa anafanya mazoezi ya kujiua, huyu Maffetone akamwambia punguza, na alipokuja kushinda 1989 akashinda mara sita kwa ujumla. Nikasema basi na mimi fundi simu nijaribu, nina nini cha kupoteza.

Jumatano 4 Juni, testi ya kwanza

Testi yenyewe haina mambo mengi. Pasha mwili dakika 15, afu kimbia kilomita nne ukiwa umeshikilia 134, andika muda wa kila kilomita. Mwezi ukiisha unarudia palepale saa ileile. Kama msingi unajengeka, mapigo yaleyale yanakupeleka haraka zaidi, kama hujengeki namba zitakwambia.

Shida ni kwamba Kigoma tambarare ni ya kutafuta kwa tochi. Ukitoka stesheni kupandisha huku Mwanga hata mwenye miaka 20 moyo unamtoka, sasa mimi na 134 yangu pale natembea tu, tena kwa adabu. Nikaenda kupima Ujiji, nimempa boda elfu mbili anisaidie kusoma kilomita, simu nayo ikahakikisha, nimepata kilomita moja karibu sawa kutoka kwenye kibanda kimoja mpaka kwenye mwembe. Sio ule mwembe wa Livingstone na Stanley wa 1871, huko kuna kiingilio, huu ni mwembe wa watu tu, chini yake kuna kijiwe cha kahawa. Kwenda na kurudi mara mbili, kilomita nne.

9:05, 9:21, 9:40, 9:58.

Nimeona aibu. Dakika kumi kwa kilomita! Mama mmoja kanipita na ndoo ya mawese kichwani, sitanii, kanipita, na kanisalimia. Pale kijiweni wazee walikuwa kimya nlivyopita mara ya kwanza, ya pili mmoja akauliza, "Mwanangu, unakimbia au unatafuta hela imekudondoka?"

Jumamosi 14 Juni

Wiki mbili, masaa saba na robo jumla. Nahesabu masaa, kilomita nimeacha kuhesabu maana ukihesabu kilomita unaanza kukimbilia zitimie.

Kuna kitu cha saa ambacho programu za kwenye simu hazikielewi kabisa. Zinasema amka saa kumi na moja ukimbie alfajiri. Ya Dar hiyo. Sisi tuko mwisho wa nchi kabisa huku magharibi, tunatumia saa moja na Dar ila jua halijui hilo, mwezi huu linachungulia saa moja imeshapita. Saa kumi na moja huku ni usiku wa manane na mbwa wa Katubuka hawajui mambo ya msingi wa aerobiki. Natoka saa kumi na mbili na nusu, kunakuwa na mwanga wa kuona shimo.

Dogo wa pale dukani kaniuliza leo faida ya kukimbia polepole ni nini maana yeye anaona najichosha bure. Nlimweleza hivi. Misuli ina mafuta ya aina mbili kama ile pikipiki ya kuchanganya, kuna sukari na kuna mafuta yenyewe. Sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli na ini ni kidogo, ukiikimbiza kwa nguvu inaisha mapema, ndo ile mtu anafika kilomita ya 30 ya marathoni anakuwa kama kachomolewa chaja. Mafuta hayaishi, mi mwenyewe kilo 84 naweza kufika Dar kwa miguu kwa mafuta niliyonayo kiunoni. Ila mafuta yanahitaji oksijeni nyingi na muda, moyo ukienda kasi sana mwili unaegemea sukari. Ukikaa kwenye mapigo ya chini wiki nyingi, vishipa vidogodogo vinaongezeka kwenye misuli, mitokondria zinaongezeka, zile ndo jiko lenyewe, na moyo unaanza kusukuma damu nyingi zaidi kwa pigo moja kwa hiyo haulazimiki kupiga mara nyingi. Dogo kasema sawa bro, lakini mbona unatembea? Sikuwa na jibu.

Jumapili 29 Juni

Wale wa jogingi wamenitoa kwenye picha ya pamoja, eti mpaka nifike watu wameshaoga. Poa.

Mapigo ya kupumzika asubuhi kabla sijatoka kitandani: 67 mwanzo wa mwezi, leo 65.

Jumapili 6 Julai, testi ya pili

9:12, 9:30, 9:55, 10:10.

Nimerudi nyuma. Mwezi mzima, masaa kumi na saba, nimelala mapema, nimeacha soda, na niko polepole KULIKO mwanzo. Mwili wangu hata haujachoka, yaani namaliza nikiwa kama sijafanya kitu, napumua kwa pua tu, lakini saa ya mkononi inayonisomea mapigo inapiga kelele 166, 166, nikitembea inashuka 118, nikianza tu tena kukimbia hatua kumi 166. Nimekaa kwenye mwembe wazee wakaninunulia kahawa kwa huruma. Kahawa chungu na kashata, hiyo ndo testi yangu ya pili.

Mzee mmoja, yule mkubwa kuliko wote anayekaa karibu na birika, kanipa jina. Liemba. Kasema ile meli Wajerumani waliizamisha wenyewe 1916, ikakaa chini ya ziwa mpaka 1924 ikaibuliwa, na ikaja kufanya kazi miaka na miaka, "sasa na wewe bado uko chini, subiri." Wote wakacheka na mimi nikacheka ila rohoni nlikuwa nafikiria kuuza saa.

Alhamisi 17 Julai

Hii naandika kwa urefu maana nimepoteza wiki sita na sitaki mtu mwingine apoteze.

Shemeji yangu, mdogo wake mama watoto, ni nesi. Alikuja kula, ugali wa muhogo na migebuka ya mawese, mi nalalamika pale mezani kwamba moyo wangu mbovu, nikitembea kidogo tu haraka unafika 166. Akanyamaza, akala, akamaliza, akanawa, akasema, "Shem, hebu vaa raba."

Tukatoka nje saa kumi na mbili jioni, nikakimbia hapo barabara ya mtaani dakika kama nane na yeye nyuma kwenye boda anacheka. Saa ikafika 166 ikaganda. Akaniambia simama, hapohapo akaweka vidole viwili shingoni, pembeni ya koromeo, akahesabu sekunde 15 kwenye saa yake ya nesi ile ya kuning'inia. Mapigo 33. Mara nne, 132. Nikamwambia umekosea, rudia. Nikakimbia tena, 166 kwenye saa, akashika tena, 33. Akasema, "Mimi nahesabu watu kila siku shem, wewe ndo umekosea."

Afu akaniambia kimbia tena ila sasa nahesabu miguu yako. Nusu dakika, hatua 83. Fanya mara mbili.

166.

Yaani wiki sita nzima nlikuwa napima MIGUU. Saa ya mkononi haisikii moyo, ina taa ya kijani inamulika ngozi, inaangalia damu inavyojaa na kupungua kwenye vishipa. Ukikimbia mkono unatikisika na damu inatikisika nayo kwa mpigo wa hatua, na kama saa imelegea au asubuhi kuna kaubaridi ka Julai damu imekimbia ngozi, inachoona zaidi ni mtikisiko, basi inashika huo inakuletea ndo mapigo. Na dalili zilikuwepo zote mbele ya macho yangu mimi fundi wa vifaa vya umeme: namba inaruka kutoka 118 mpaka 166 ndani ya sekunde chache, moyo hauruki hivo, unapanda kama mtu anapanda ngazi. Na ikishafika inanyooka kama imepigwa rula. Moyo wa mtu hainyooki namba yake, inacheza cheza, na wala hausikilizi hatua zako.

Kwa hiyo kila nilipoanza kukimbia vizuri saa ikaniambia tembea, nikatembea, mtiifu. Nlikuwa nafanya matembezi ya wiki sita. Testi ya kwanza na ya pili zote takataka.

Shemeji kaondoka na mgebuka mzima umefungwa kwenye mfuko, ada ya daktari.

Jumamosi 2 Agosti

Mkanda wa kifuani umefika, umetoka Dar na basi, siku mbili njiani na mfuko umelowa kitu sijui nini. Huu unasoma umeme wa moyo wenyewe kupitia ngozi, sio taa. Unalowesha zile sehemu mbili za mpira kwa maji (wengine mate, mi natumia maji jamani) unavaa chini ya kifua, umekaza lakini unapumua, unaunganisha na simu kwa blututhi. Ukivaa mkavu mwanzoni unaleta namba za ajabu 190, 40, 210, mpaka utoke jasho. Ukitoka mbio unaosha chumvi. Bei nisiseme maana mama watoto huwa anasoma.

Saa ya mkononi sijaitupa. Nikiipandisha juu ya kifundo vidole viwili, nikaikaza, inapatana na mkanda siku nyingi, hasa nikishapata joto. Ila simwamini tena.

Na nikafanya na kingine nilichokuwa nakiogopa, kutafuta mapigo ya juu kabisa. Ile 220 toa umri ingenipa 179. Nimepasha vizuri, nikapanda ule mlima wa stesheni mara tatu kwa nguvu zote, ya tatu nimefika juu naona nyota. Mkanda ulisoma 187. Fomula za umri ni wastani wa watu wengi, wewe sio wastani, unaweza kuwa juu au chini yake mapigo kumi na zaidi. Hata hiyo 180 ya Maffetone ni hivohivo, ni namba ya kuanzia. 134 kwa 187 ni kama asilimia 72, iko jirani na ile zoni 2, ukanda wa mwendo mwepesi, wanayoiimba kila mtu sa hizi, na napita mtihani wa kuongea: naweza kuongea sentensi ndefu nzima bila kukata pumzi. Wenye miaka 41 ila mapigo yao ya juu kabisa ni 170 hiyo 134 kwao itakuwa kali kidogo. Kama una tatizo la moyo au presha hii ya kupanda mlima mpaka uone nyota USIFANYE, nenda kwa daktari kwanza.

Jumapili 3 Agosti, testi ya tatu (ndo ya kwanza ya kweli)

8:02, 8:10, 8:19, 8:31.

Sijatembea hata hatua moja. Sijui sehemu gani ni msingi na sehemu gani ni saa kuacha kunidanganya, haiwezi kujulikana, naanza kuhesabu hapa. Wazee wamesimama. Kwa kweli wamesimama, mmoja kapiga kofi.

Tofauti kati ya kilomita ya kwanza na ya nne ni sekunde 29. Hii nayo naifuatilia kuliko hata muda wenyewe. Ukiwa na msingi mdogo, moyo unapanda taratibu hata kama hujaongeza mwendo, inabidi upunguze kila kilomita kuushikilia.

Jumatatu 11 Agosti

Jumamosi asubuhi mapigo ya kupumzika 72. Wiki nzima yalikuwa 62, 63. Nikasema labda nimelala vibaya. Jana 76, mwili hauna shida yoyote, nikakimbia dakika 50 mapigo yakakataa kushuka, mwendo 9:20 kwa kilomita kwa 134. Jana usiku homa, leo nimepima, malaria. Dawa ya mseto siku tatu.

Mkanda ulijua kabla yangu. Siku nyingine asubuhi ikizidi kumi juu ya kawaida sitoki, hata jua liwe zuri vipi.

Jumapili 24 Agosti

Nimerudi taratibu, wiki ya kwanza kutembea tu. Nimefuata sheria ya kutoa 10: 180 toa 41 toa 10, 129. Kwa 129 naenda 9:10. Nimeuma meno. Zamani ningerudi na kikundi Jumapili ya kwanza "kutoa malaria kwa jasho", na kuna mtu mzima na akili zake kaniambia hivo leo tena kwa msisitizo.

Jumamosi 6 Septemba

Nimerudi 134. Masaa matano wiki hii.

Joto sasa. Kiangazi kimekomaa, watu wanachoma mashamba moshi umetanda mpaka ng'ambo ya Kongo haionekani, na leo nimechelewa nikatoka saa tatu asubuhi. Kosa. Dakika 90, nusu ya kwanza 7:58 wastani, nusu ya pili 8:47, mapigo yaleyale. Jasho likitoka maji ya damu yanapungua, pigo moja linasukuma damu kidogo, na damu nyingine inapelekwa kwenye ngozi kupooza mwili, basi moyo unafidia kwa kupiga mara nyingi. Hakuna kosa la msingi hapo, ni jua. Kwa hiyo usilinganishe mbio ya saa tatu na ya saa kumi na mbili ukaenda kulia kama nlivyotaka kulia mimi. Nlimaliza nikaingia ziwani na nguo zangu pale Kibirizi, wauza dagaa wakidhani nimerukwa.

Chakula, kwa kuwa dogo kauliza: Maffetone anataka uache sukari na unga mweupe kabisa. Sukari nimepunguza. Maandazi mawili ya asubuhi siachi, nawaambia ukweli.

Jumatatu 15 Septemba

Nimeamka nakuta wasap imejaa. SIMBU! Alphonce Simbu bingwa wa dunia marathoni, Tokyo, 2:09:48, kamshinda Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03, wamepewa muda mmoja, picha ndo imeamua. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania mashindano ya dunia, na mimi nlikuwa nimelala maana kwetu ilikuwa usiku. Nimeirudia ile mita 100 ya mwisho labda mara thelathini, wateja wamesubiri simu zao. Kilomita 42 zote afu bado una mguu wa kumalizia hivo.

Kijiweni leo hakuna aliyezungumza Liemba, wote Simbu Simbu. Mzee mmoja akakumbushia Juma Ikangaa New York 1989, alivyoshinda, mwingine akabisha mwaka, nikawaonyesha kwenye simu, akanyamaza.

Wakaniuliza na hao walivaa mkanda? Nikawaambia hii ya kujenga msingi polepole haikuanza na mikanda. Arthur Lydiard wa New Zealand, mtu wa kiwanda cha viatu, alijaribu mwilini mwake mwenyewe kwanza, akafika kama kilomita 160 kwa wiki za kutwanga msingi kabla ya spidi yoyote, hata kwa wakimbiaji wa mita 800. Roma 1960 vijana wake wawili wa mtaani kwake, Peter Snell mita 800 na Murray Halberg mita 5000, wakachukua dhahabu siku moja. Hakuna aliyevaa kitu kifuani, walikwenda kwa kusikiliza mwili. Mi mwili wangu siuamini kwenye kusikiliza, ukiwa na furaha unaniambia twende tu, ndo maana nalipia mkanda.

Jumapili 21 Septemba, testi ya nne

7:51, 7:56, 8:04, 8:12. Tofauti 21. Mapigo ya asubuhi 61.

Sina cha kuongeza. Ugoko kimya, kisigino kimya, wiki ya 16.

Jumapili 5 Oktoba

Kitu kipya: nakimbia mlima. Sio wote, ule wa stesheni bado nusu yake natembea, ila kutoka Ujiji kurudi Mwanga ambako Juni nlikuwa natembea vipande vipande leo nimeuvuka wote kwa 134, polepole sana, lakini mbio. Mtu asiyejua asingeona tofauti. Nlipofika juu nikasimama peke yangu nacheka kama chizi.

Wale wa jogingi wamenipita wakishuka. Mmoja wao anachechemea, nimemwambia pole.

Jumapili 19 Oktoba, testi ya tano, wiki ya 20

Mvua ya kwanza ilipiga usiku, asubuhi hewa safi, milima ya Kongo imerudi mahali pake. Niseme wazi kwamba ubaridi huu umenisaidia sekunde kadhaa.

7:22, 7:26, 7:31, 7:37.

Tofauti 15. Asubuhi 58. Kilo 78. Kutoka Agosti mpaka leo sekunde 40 kwa kilomita ya kwanza na 54 kwa ya nne, na malaria katikati. Sio mwendo wa kumtisha mtu, najua, wapo watakaosoma hii wanaopasha mwili kwa 7:22. Jumapili iliyopita nilikwenda kilomita 21 kwa mara ya kwanza bila kutembea, masaa mawili na dakika arobaini na tatu, na Jumatatu nikashuka ngazi kawaida kama binadamu.

Kuanzia Novemba naongeza siku moja ya spidi kwa wiki, moja tu, nyingine zote zinabaki 134. Au 139, maana ile toa 5 ya kuumia sidhani kama bado inanihusu, lakini nitaiacha mpaka Desemba nione mafua ya mvua yatasemaje.

Baada ya testi nikakaa kwa wazee. Yule mkubwa wa karibu na birika akasema na yeye apimwe. Nikavua mkanda nikaupangusa nikaulowesha, akafungua vifungo vya kanzu, tukamfunga pale mbele za watu kikombe kikiwa bado mkononi. Ikachukua muda kidogo afu ikatulia. 54.

Nikaangalia tena. 54. Yangu mimi ya wiki ishirini, kitandani, nimelala, 58, na yeye kakaa anakunywa kahawa.

Nikamuuliza mzee kuna dawa yoyote unatumia, unapata kizunguzungu, unaishiwa nguvu? Akasema dawa hajui, kizunguzungu hajui, kapiga kasia kwenye ziwa hili tangu mitumbwi haijafungwa injini, na shambani anakwenda kwa miguu na kurudi kila siku, mpaka jana. Nikamwambia hata hivo siku akipita hospitali awaambie wamsikilize. Akanirudishia mkanda umelowa jasho lake kidogo, akawageukia wenzake.

"Liemba atalipa kahawa ya leo."